Lugha mbili ndani ya simu moja ya mkulima

MKULIMA wa mahindi wa Sigor, Kaunti ya Bomet, anapoielekeza kamera ya simu kwenye jani lililotobolewa, hutaka jibu papo hapo, hata mtandao ukiwa umepotea. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, hawamngoji afisa wa kilimo. (Sigor hii ni ya Chepalungu, wala si ile ya Pokot Magharibi.)

Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliyotayarishwa pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), ilibuniwa ifanye kazi hiyo bila intaneti. Hesabu yote hufanyika ndani ya simu, nayo ni nzito.

Hapo ndipo lugha mbili hukutana. Programu za Android kwa kawaida huandikwa kwa Java au Kotlin, lugha zinazotoa maagizo ya kati ambayo simu huyageuza yenyewe. Lakini TensorFlow, mtambo wa Google unaotambua picha, kiini chake ni C++. Lugha hiyo hujengwa mapema kuwa maagizo ya kichakataji chenyewe, kisha hufungwa katika faili moja liitwalo maktaba. Java huiita maktaba hiyo kupitia daraja la JNI, lililozinduliwa mwaka 1997.

Daraja hili halina msamaha. Jina la kazi inayoitwa upande wa Java lisipolingana na lile la upande wa pili, hata kwa herufi moja, kosa halionekani wakati wa kujenga. Huzuka mkulima akiwa shambani. Java huifagia kumbukumbu isiyotumika, ilhali C++ humwachia mwandishi kazi hiyo. Tena hitilafu ya Java yaweza kunaswa na programu ikaendelea, lakini C++ ikigusa kumbukumbu isiyo yake, programu nzima huanguka bila hata neno la kuomba radhi.

Mtego mkubwa zaidi ni kichakataji. Maktaba iliyojengwa kwa biti 64 haiwezi kutumika katika simu kuukuu ya biti 32, na simu za aina hiyo ndizo nyingi za bei nafuu zilizouzwa kwa miaka mingi. Tangu Agosti 2019, duka la Google Play limedai toleo la biti 64, jambo lililowashawishi baadhi ya watengenezaji kuliacha la 32. Mwenye simu kuukuu hapo haelezwi lolote: akiitafuta programu dukani, haioni.

Kubeba maktaba zote mbili huongeza uzito wa faili, na megabaiti hununuliwa kwa pesa. Mfumo ambao duka hilo liliufanya wa lazima kwa programu mpya kuanzia Agosti 2021 huipelekea kila simu maktaba inayoifaa tu.