Mkojo wa Paka kwenye Niru

Mvua za Novemba zikianza kunyesha Bariadi, mkoani Simiyu, kuna nyumba ambazo mgeni hujua kuwa zina paka dume kabla hata hajakaribishwa kiti. Kiangazi kizima palikuwa shwari. Sakafu ilidekiwa kila asubuhi, mwenye nyumba akasahau. Hewa ilipopata unyevu tu, harufu ya kona ya nyuma ya kochi ikaamka.

Sakafu za zamani za Usukumani, za udongo uliosilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe, hazikuwa na kisa hiki. Paka akikojoa, pale palibanduliwa kwa jembe na kusilibwa upya, basi. Saruji haibanduliki hivyo. Hata ikipigwa niru ikang'aa kama kioo, ina vitundu na nyufa zisizoonekana kwa macho. Mkojo huzama humo, tambara la deki linapita juu.

Na paka wa Simiyu hafugwi kwa urembo. Huu ni mkoa wa pamba, na mara nyingi pamba hulala ndani pamoja na mahindi na mtama ikisubiri kupelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Panya hufuata, paka huletwa. Ubaya ni kwamba mlinzi huyu hupenda kujilaza juu ya pamba, na akiikojolea, nyuzi zake hunywa kila tone. Pamba iliyoingia doa haifuliwi. Hutengwa ikaenda fungu la fifi, bei yake ikashuka.

Kwa nini mkojo wake ni mkali hivyo? Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka pori wa Afrika, anayeishi mpaka leo Serengeti, jirani kabisa na Simiyu. Mnyama aliyezoea nchi kavu ana figo bahili: hubakiza maji mwilini, hutoa mkojo kidogo na mzito. Ndani yake mna yurea. Bakteria wakiivunja hutoka amonia, ile inayochoma pua siku za mwanzo. Amonia hupaa ikaisha. Msumbufu hasa ni felinini, asidi ya amino yenye salfa. Inapotoka haina harufu. Huvunjika polepole, siku hadi siku, ikitoa tioli, jamii ya kemikali za salfa ambazo pua ya binadamu huzinasa hata zikiwa chembe. Mwaka 2006 watafiti wa Japani, Masao Miyazaki na wenzake, walionyesha kuwa protini ya kwenye mkojo wa paka, iitwayo kauksini, inasaidia kuitengeneza felinini hiyo. Dume asiyehasiwa anayo nyingi kuliko wote.

Wauzaji wa dawa za mazulia hupenda kulaumu fuwele za asidi ya yuriki. Mimi sikubaliani nao. Asidi hiyo ni yetu zaidi sisi wanadamu. Paka ana kimeng'enya kinachoigeuza sehemu kubwa kuwa alantoini, ambayo huyeyuka majini kwa urahisi zaidi.

Sasa tazama tunachofanya. Tunamwaga majivu au magadi. Vinafyonza unyevu vizuri, lakini vyote viwili ni alikali, na alikali huisukuma amonia itoke, kwa hiyo harufu hupanda kwanza. Siki na limau hufanya kinyume: asidi huikamata amonia, pua ikapata nafuu, ila tioli haijali. Udi hufunika tu. La hatari ni maji ya klorini, ambayo mitaani yote huitwa jiki. Yakikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi ya kloramini, na kwenye chumba kilichofungwa inachoma macho na kubana kifua.

Tioli huvunjwa kwa oksijeni. Mwaka 1993 mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alitangaza mchanganyiko wa kuondoa harufu ya skanki, mnyama ambaye silaha yake nayo ni tioli: lita moja hivi ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bekingi soda na kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Peroksaidi ndiyo ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, iko duka la dawa. Ukipata ya asilimia 6, izimue kwa maji nusu kwa nusu. Vaa glavu. Mimina mchanganyiko mpaka uzame kina kile kile ulichozama mkojo, uache ukauke wenyewe. Usiuhifadhi mchanganyiko huo kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka. Kitambaa cha kochi kijaribu kwanza upande usioonekana, maana mchanganyiko hupausha rangi.

Ila kwanza upajue mahali penyewe. Usiku, zima taa, azima ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya manjano iliyofifia. Mabaki ya sabuni ya unga hung'aa buluu, yasikuchanganye. Utashangaa kuona doa liko ukutani, kimo cha goti, wakati miezi yote ulikuwa unasugua sakafu. Hapo ujue paka hakujisaidia, alikuwa anaweka mipaka yake, na ataiweka tena kesho. Mwone afisa mifugo akuelekeze kwa wa kumhasi, kabla hujanunua chupa ya pili.