Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Saa za Jioni za Mtaalamu Kijana katika Milima ya Usambara

Barabara itokayo Mombo hupanda ikijipinda kwa kiasi cha kilometa 33, ikapita Soni, hata ikafika mji wa Lushoto ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa njia hiyo hushuka kabichi, karoti, viazi mviringo na mapeasi yaendayo katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Kwa njia hiyo hiyo hupanda vijana waliohitimu: matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara, walimu na watumishi wa mahakama. Wengi huja na begi moja na barua ya ajira. Aliyezaliwa pwani hulakiwa na ukungu wa mwezi Juni na baridi asiyoizoea, na siku ya kwanza hununua koti la mtumba kabla ya kununua godoro.

Waswahili husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Kwa mtumishi wa afya methali hii haina fumbo: anakuja, na wenyeji wanapona kweli. Lakini methali haisemi mgeni mwenyewe atapona kwa nani. Hilo ndilo swali la makala haya, nalo linamhusu mgonjwa kama linavyomhusu mtumishi. Zahanati inayoachwa na tabibu wake baada ya mwaka mmoja humpoteza mtu ambaye tayari alikwisha kuzijua njia za vijiji, majina ya kina mama wajawazito na wazee wenye shinikizo la damu wasiorudi kliniki.

Kijana anayezungumziwa hapa si mtu mmoja. Ni sura ya wengi. Siku yake huanza kabla jua halijaupanda mlima. Hukuta foleni imekwisha kukaa kwenye benchi, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri kutoka vigongo vya mbali. Huona wagonjwa, huandika, hufunga vidonda, hupokea mzazi aliyeletwa kwa pikipiki au kwa machela, kisha hukaa na vitabu vya MTUHA hadi jioni. Kama wenzake ni wachache, zamu ya usiku nayo ni yake. Akitoka, hurudi katika chumba cha kupanga, hupika ugali au wali wa haraka, hujilaza na kufungua simu. Saa sita za usiku bado kioo cha simu kinamulika uso wake.

Ukimwuliza kuhusu mapumziko, kijana huyu hana upungufu wa maoni. La kwanza ni kwamba starehe ni ya wenye pesa, au ya watalii wanaopanda Irente kutazama nyika iliyo chini ya mlima. La pili ni kwamba mtumishi wa umma akionekana uwanjani na vijana wa mtaani, au kwenye mazoezi ya kwaya, heshima yake hupungua. La tatu ni kwamba simu inatosha. Nyuma ya maoni hayo ipo methali nyingine aliyolelewa nayo: “Kazi mbaya si mchezo mwema.” Methali hiyo ilitungwa kumwamsha mvivu. Kumhukumu nayo mtu aliyetoka katika zamu ya saa kumi na mbili ni kuitumia mahali pasipo pake.

Sayansi ya afya imelipima jambo hili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo utokanao na kuziba kwa mishipa yake, kulinganisha na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ni kweli kwamba mgonjwa wa dharura hasomi sheria, wala mama mwenye uchungu hangoji Jumatatu. Lakini dharura ya kila siku, mwaka mzima, hiyo si dharura tena. Ni upungufu wa watumishi, na mwili wa kijana mmoja hauwezi kuuziba.

Kuna sababu nyingine ya kitabibu isiyosemwa mara nyingi. Dalili kuu za sonona ni mbili: huzuni isiyoondoka, na kupotea kwa hamu ya mambo ambayo mtu alikuwa akiyapenda. Zikidumu muda mwingi wa siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukosa nguvu au kujiona hafai, mtu huyo anahitaji msaada wa kitaalamu. Mpenzi wa mpira anapoacha uwanja, au mwimbaji anapoacha kwaya bila sababu, wenzake wana cha kushika: wanaona kitu kimebadilika. Lakini mtu ambaye maisha yake yote ni zahanati na chumba hana anachoweza kuonekana amekiacha. Huendelea kuitikia salamu, huendelea kujaza vitabu, na ugonjwa hukua mahali pasipo na shahidi. Kwa hiyo jambo analolipenda mtu baada ya kazi humtuliza, na tena huwa kipimo cha afya ya akili yake.

Usambara yenyewe ina mfano wa kale wa kile ambacho saa za mapumziko zinaweza kuzaa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, alivutiwa na ua dogo la zambarau liotalo kwenye miamba yenye kivuli. Wakazi wa misitu hiyo walikuwa wakipita kando yake tangu vizazi vingi. Mtawala huyo hakuajiriwa kusomea mimea; kuipenda kulikuwa shauku yake nje ya kazi ya ofisi. Alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika ua hilo kwa jina la Saintpaulia. Leo hukuzwa katika vyungu madirishani duniani kote. Utawala ule umekwisha, lakini ua limebaki.

Kijana wa leo hahitaji kugundua ua. Anahitaji jambo moja lisilo kazi, linalomtoa chumbani na kumkutanisha na watu au na mlima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atembee kwa kasi, au afanye mazoezi ya kiasi kama hicho, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Katika Lushoto, ambako hakuna njia tambarare, nusu saa ya kupanda kuelekea Magamba kwa siku tano inatimiza kiwango hicho cha chini, na mwenye pumzi fupi ataijua hali yake mapema. Wapo wanaopalilia bustani nyuma ya nyumba ya kupanga, wanaocheza mpira jioni, wanaoshona, wanaosoma. Wapo wanaojifunza Kisambaa kwa wazee wa jirani, na hao hupata faida maradufu: bibi asiyeweza kueleza maumivu yake vizuri kwa Kiswahili ataeleza kwa lugha yake, na tabibu atasikia kilichokuwa kikimpita.

Si kila burudani ni tiba. Pombe ya miwa au bia inayotumika kama dawa ya usingizi huuvunja usingizi wenyewe kati ya usiku. Kubashiri matokeo ya mechi kwa simu huanza kwa shilingi mia chache na kumaliza mshahara kabla ya tarehe kumi. Nayo simu kitandani hula saa saba za usingizi ambazo mtu mzima anazihitaji. Alama ya burudani njema ni nyepesi kuitambua: ukiimaliza, kesho yake unaamka mzima.

Mzigo huu si wa kijana peke yake. Kiongozi wa kituo apange zamu zinazojulikana mapema na asiifanye likizo kuwa hisani yake. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010, yaliyohuishwa mwaka 2021, kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini yanataja mazingira ya kuishi pamoja na malipo na masomo. Nyumba yenye maji na jirani mwema huingia humo. Wenyeji nao wana uwezo ambao serikali haina. Kumwalika muuguzi mgeni kwenye harusi, mavuno au timu ya kijiji hakugharimu kitu. Na mgonjwa anayebisha hodi kwake saa nne usiku kwa kikohozi cha wiki tatu ajiulize kama kisingengoja alfajiri. Mwenye kutokwa na damu, mwenye uchungu wa uzazi au mtoto mwenye degedege asingoje hata dakika moja.

Kwa watumishi wa afya liko swali moja la kuulizana katika kikao cha asubuhi, na la kumwuliza kila mgonjwa anayelalamika uchovu usio na sababu: “Siku hizi, baada ya kazi, unapenda kufanya nini?” Mwenye jibu msikilizeni, mkaulize tena baada ya mwezi. Mwenye kujibu kwamba zamani alikuwa akipenda jambo fulani na sasa hana hamu nalo, asipewe vitamini na kuruhusiwa. Aketishwe, aulizwe juu ya usingizi, chakula na mawazo ya kukata tamaa, na siku hiyo hiyo apelekwe kwa mwenye ujuzi wa afya ya akili iwapo mawazo hayo yapo.