Msumari wa Vermeer Kwenye Skrini ya Darasa

Ukutani, nyuma ya mwanamke anayemimina maziwa, Johannes Vermeer alichora msumari mmoja pamoja na kivuli chake. Karibu nao kuna vitobo vya misumari iliyokwisha kung'olewa. Mchoro huo wa mnamo 1660 una kimo cha sentimita 45.5 tu na upana wa 41, na anayefika Rijksmuseum, Amsterdam, huutazama akipishana mabega na wageni wenzake. Mwanafunzi wa historia ya sanaa mwenye kompyuta na intaneti ya maana huukuza msumari ule mpaka ukajaza skrini.

Somo hili limetegemea picha za picha tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Berlin, Mswisi Heinrich Wölfflin alisifika kwa mihadhara ya projekta mbili: kazi mbili zikiwekwa sambamba, macho yenyewe yakatafuta tofauti. Vyuo vikajaza slaidi makabatini. Mwaka 2004 Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi, na mwaka huohuo hazina ya kidijitali ya Artstor ikafunguliwa kwa vyuo vilivyoilipia. Baadaye makumbusho yakaanza kutoa picha bure. Metropolitan ya New York iliachia zaidi ya 375,000 mwaka 2017.

Shida ikawa kujua picha ipi ya kuaminiwa. Rijksmuseum iligundua kwamba mtandaoni kulikuwa na nakala zaidi ya 10,000 za yule mwanamke wa Vermeer, nyingi zikiwa na umanjano usio wake. Wageni wakafikia hatua ya kuzitilia shaka kadi za dukani mwa makumbusho, ambazo ndizo zilizokuwa na rangi sahihi! Ndipo uongozi ukaamua kuiweka wazi picha yake bora. Kisa hiki kingefaa kufungulia muhula, kabla mhadhiri hajagusa mchoraji yeyote: nakala mbili skrini moja, wanafunzi waseme ipi inadanganya na wamejuaje.

Ukubwa nao hupotea, tena kimyakimya. Night Watch ya Rembrandt, ya 1642, ina kimo cha karibu mita 3.8 na upana wa mita 4.5, lakini kwenye projekta inalingana na kazi ya Vermeer. Utepe wa karatasi uliobandikwa ukutani kwa vipimo halisi hutibu jambo hilo kwa gharama ndogo.

Mwaka 2022 ilitolewa picha ya Night Watch yenye pikseli bilioni 717. Nyufa za rangi zinaonekana waziwazi, na hapo darasa zima linaweza kuzamia nyufa likasahau mchoro. Zoezi zuri kwa hiyo huwekewa mipaka: kila mwanafunzi apewe sentimita chache, aeleze brashi ilivyopita, kisha aitazame picha nzima na kusema sehemu yake inaichangia nini. Chini yake aandike picha ilipigwa na nani, mwaka gani, na kama ni kabla au baada ya mchoro kusafishwa.