Namba moja haisemi kitu: kusoma sukari ya damu Majengo, na bandeleti chache

Wengi wenu mumeniuliza, tangu mulivyoniona najidunga sindano tumboni kabla ya kula kwenye mkutano wetu: sukari si ugonjwa wa wazee wanene? Ule munaosema ni aina ya pili. Mimi niko na aina ya kwanza, ambayo mara nyingi inashika watoto na vijana. Kinga ya mwili inageuka, inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila insulini sukari inabaki kwenye damu wakati mwili wenyewe unalia njaa. Haitokani na kula tamu mingi. Haitokani na karuho pia, na hili nalisema kwa nguvu. Hapa Goma kijana akikonda kwa wiki mbili tatu, anakunywa mayi bila kutosheka, anakojoa usiku kucha, hakosi mtu wa kusema: "Ile ni karuho, mumupeleke wamutapishe." Tone moja la damu lingetosha kujibu, na siku zinazopotea zinaweza kumuua. Insulini ilidungwa mtu kwa mara ya kwanza Januari 1922 kule Toronto, kwa Leonard Thompson wa miaka 14. Kabla ya hapo ugonjwa huu haukuwa na dawa.

Sasa dawa iko. Kazi inayobaki ni kusoma sukari kila siku, na ndiyo nataka kueleza.

Kwa wengi wetu munganga anaweka lengo kati ya 70 na 180. Chini ya 70 imeshuka, chini ya 54 ni hatari ya papo hapo. (Mashine yako ikikuonyesha 6 ao 9, usishituke, inatumia kipimo kingine: zidisha mara 18.) Tuseme umeamka, umepima, umeona 210. Namba hiyo inaweza kuwa na hadithi tatu. Pengine ulilala nayo juu, juu ya chakula cha usiku. Pengine insulini ya jioni iliisha nguvu mapema. Ao ni homoni ambazo mwili unatoa karibu na mapambazuko ili kukuamsha, zinazolisukuma ini kumwaga sukari. Ukitazama 210 peke yake, utataka kuongeza dozi ya jioni. Lakini insulini ile nyeupe kama maziwa inapanda nguvu kati ya masaa manne na kumi hivi baada ya kudungwa, maana yake usiku wa manane, ukiwa umelala. Ukiiongeza bila kujua sukari yako iko wapi saa ile, unaweza kushuka na usiamke. Dawa ya swali hili ni namba tatu za usiku mmoja: kabla ya kulala, usiku wa manane, na asubuhi. Usiku kama huo mbili tatu, na hadithi inajulikana.

Shida ni bandeleti. Kasha lina 50. Ukipima mara nne kwa siku, wiki mbili haziishi, na sisi tunaotafuta kazi tunajua kasha linagonga mfuko namna gani. Kwa hiyo sipimi ovyo ovyo, napima kwa jozi. Jumatatu na Jumanne: kabla ya chai, kisha masaa mawili baada yake. Jumatano na Alhamisi jozi hiyo inahamia chakula cha mchana. Ijumaa na Jumamosi, cha jioni. Kila wiki nafanya usiku mmoja wa namba tatu, na kuna bandeleti ambazo siguse, za siku ninayotetemeka. Kipimo kimoja hakinifundishi chochote juu ya bugali. Viwili, mbele na nyuma yake, vinanifundisha.

Naandika kwenye kaye ya kawaida, na biki: saa, namba, dozi, nilichokula, na mstari wa mambo mengine. Mstari huo wa mwisho ndio wenye utajiri. Ndani yake nimeona kwamba bugali ya muhogo inanipandisha mbio kuliko maharagi, na sambaza peke yake haziniguse karibu kitu. Nimeona pia kwamba siku robine imekauka, nikibeba bidoni za litre 20 juu ya mawe haya ya volkano, sukari haishuki paka wakati wa kubeba. Inashuka tena usiku, juu misuli inaendelea kujijazia akiba. Siku ile nakula kitu kabla ya kulala. Na wiki ya kutetea TFC yangu, namba zilipanda hata nikila kidogo: woga nao unaliamsha ini.

Nililiona tena mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Umeme na mayi vilikatika, tulijifungia, tulikula mara moja kwa siku, na asubuhi nakuta 240. Mtu asiyejua angesema: huli, basi acha sindano. Hapana. Aina ya kwanza haiachi insulini ya msingi hata bila chakula, hata na homa. Ukiiacha, mwili unaanza kuchoma mafuta na damu inageuka asidi. Na frigo isipokuwepo? Utafiti wa Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Genève uliotangazwa 2021, uliotazama joto la kambi ya Dadaab huko Kenya, ulionyesha insulini ikivumilia wiki nne kati ya digrii 25 na 37. Goma hatufiki hata joto hilo. Chungu cha udongo chenye kitambaa kilicholowa, mbali na jua, kinasaidia.

Kaye hiyo naipeleka kwa munganga, na dozi tunaipanga pamoja, kwa siku tatu ao zaidi zinazofanana saa ile ile, si kwa siku moja mbaya. Kipimo cha damu cha miezi mitatu ni kizuri lakini kinatoa wastani: mtu wa 60 na 260 anaonekana sawa na mtu wa 160 kila siku.

Ninyi marafiki, kazi yenu ni hii. Mukiniona natoka jasho bila sababu, maneno yanapotea ao nakasirika bure, munipe nusu chupa ndogo ya Fanta yenye sukari, si ile isiyo na sukari. Dakika 15, nipimeni. Ikiwa bado chini ya 70, munipe tena. Nikiwa nimezimia, musitie chochote mdomoni wala musinidunge insulini: munilaze upande, mutafute gari, tuende lopitali.