Kilo zenu katika ordinatere: kila hatua iache faili lake



Koperative nyingi zimeanza kuhesabu malipo kwa ordinatere. Karani anaandika kilo za kila mtu kwenye kaye, jioni anaziingiza katika mashini, na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Python inatoa orodha ya malipo. Wengi mnaniuliza: ndani mule kunapita nini?

Kunapita sawa vile kwenye stesheni ya kuosha kahawa. Kahawa haitoki kwenye kikapo na kuingia moja kwa moja kwenye gunia: inapimwa, inatolewa ganda, inachacha, inaoshwa, inaanikwa kwenye meza. Programu nayo ina hatua. Inasoma majina na kilo. Kiisha inatafuta makosa: mtu aliyeandikwa mara mbili, ao 25 iliyogeuka 250. Kiisha inazidisha kilo kwa bei na kutoa avansi uliyochukua.

Shida ni kwamba Python inashika hayo yote katika kumbukumbu ya muda tu. Programu ikizima mbele ya kuandika faili, kazi yote imepotea.

Hiyo ilinipata mimi mwenyewe, katika koperative moja ya kahawa. Niliandika programu yenye kufungua orodha ya malipo kwa alama "w". Alama hiyo inafuta kwanza vyote vilivyokuwa katika faili. Ikafuta orodha ya zamani, na mbele iandike mpya, batri ya paneli ikazima. Tulibaki bila ya zamani, bila mpya. Watu walingojea feza yao siku ine, na wengine wakaanza kusema karani amekula. Karani hakukula kitu. Kosa lilikuwa langu.

Tangu pale, kila hatua ninaiandikia faili lake lenye namba na tarehe, mfano "2-kilo-safi-2024-05-14.csv", na hatua inayofuata inasoma lile. Umeme ukikatika, tunaanzia pale tulipofika. Pahali pa "w" ninaweka "x": faili likiwa tayari liko, Python inakataa na kuonyesha kosa, haifuti. Faili la kwanza, lile lililotoka kwenye kaye, hakuna mtu analigusa. Kopi yake inakaa kwenye flashi, tena siyo katika biro ile ile.

Na ninyi msioshika ordinatere muna kazi yenu. Mbele bei haijazidishwa, muombe karani awaonyeshe faili la hatua ya pili. Tafuta jina lako, linganisha na fishi uliyopewa siku ya kupima. Kilo ikikosewa pale, kusahihisha ni dakika moja. Feza ikiisha kugawanywa, ni magomvi ya msimu mzima, juu ya kukulipa wewe itaomba kumunyanganya mwingine.