Kumtembeza Mama Mjini

Muulize mwanafunzi yeyote ambaye kwao ni Mbagala, Tandika au Tandale: mara ya mwisho mama yako alikwenda mjini lini? Atakwambia juzi. Muulize alikwenda kufanya nini. Kariakoo kuchukua mzigo, Muhimbili kumwona mgonjwa, benki. Kutembea tu? Atacheka.

Na mimi nilikuwa nacheka hivyohivyo, mpaka bumu la muhula uliopita lilipoingia. Nikaamua sehemu yake imtembeze mama na mdogo wangu wa kidato cha pili, Jumamosi na Jumapili. Naandika tulivyofanya kwa sababu bwenini nimeshaulizwa mara mbili inawezekanaje bila gari na bila kufilisika.

Mama ni Mgogo. Ameishi Mbagala miaka ishirini na mbili, anauza nguo za watoto. Hapo kuna kichekesho kidogo. Dar ilikuwa makao makuu tangu Wajerumani walipohamisha utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifikiwa 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ikaja 2018. Yaani nilikuwa namchukua mtu wa makao makuu kumwonyesha makao makuu mstaafu. Mama alilipenda neno hilo, akamsimulia hadi kondakta.

Jumamosi tulishuka Posta saa mbili asubuhi. Wahini jua, kwa sababu sehemu hii ni ya miguu, na ndiyo inayookoa hela. Tulianzia Sanamu ya Askari, pale kwenye mzunguko wa barabara ya Samora. Mama amepita hapo mara nyingi akiwa ndani ya daladala, lakini hajawahi kusimama. Nikamweleza kwamba mahali hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa, na huyu askari wa shaba akasimamishwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia.

"Wapagazi gani?" Mama akauliza.

Wale ambao Kariakoo imepewa jina kutokana nao, nikamjibu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, kambi yao ilikuwa pale lilipo soko, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina. Walibeba chakula na risasi kwa miguu, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa kupigwa. Mama alinyamaza. Huyu ni mtu ambaye kila wiki anatoka Kariakoo na furushi kichwani. Halafu akasema, "Kumbe kazi ni ileile," tukavuka barabara.

Makumbusho ya Taifa yako karibu, mtaa wa Shaaban Robert. Beba kitambulisho, maana Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mdogo wangu alipenda magari waliyotumia viongozi wetu. Mimi nilikaa zaidi kwenye habari za Zinjanthropus, fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Mchana tulipita mbele ya kanisa la Azania Front, tukapanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli haifiki bei ya soda, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuutazama mji kutoka majini.

Kosa langu lilikuja jioni. Niliwapeleka kwenye ufukwe mmoja wa kulipia bila kuuliza masharti, mlinzi akaliona hotpoti la pilau la mama, akasema chakula cha nje hakiingii. Mama alikuwa ameamka saa kumi usiku kupika. Tulikula tumesimama kituoni. Ukiwa na mzazi wa hotpoti nenda Coco Beach, hakuna wa kukuuliza, na mihogo ya kukaanga ipo.

Jumapili ndiyo nilikuwa naiogopa, kwa sababu mdogo wangu alishasema nyumba za nyasi hazimhusu. Yeye ni "mtoto wa Dar". Mama akimwongelesha Kigogo mbele ya marafiki zake, hajibu. Tulipanda gari mbili hadi stendi ya Makumbusho. Hilo jina tunalisikia makonda wakiliita kila siku, lakini wangapi wameingia kwenye makumbusho yenyewe? Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa miaka ya sitini, na ndani kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi.

Msonge wa Kihaya tuliupita harakaharaka. Kwenye tembe la Kigogo mama akasimama, na kuanzia hapo mimi nikawa mtalii. Akaeleza kwa nini paa ni bapa na juu yake ni udongo: Ugogoni mvua ni chache, na udongo unazuia joto. Mvua ikija kubwa linavuja, mnapanda kuongeza udongo. Paa hilohilo ndilo mnaloanikia mlenda. Nyumba inazunguka uwanja, ng'ombe wanalala katikati, fisi asiwafikie. Akainama mlangoni kutuonyesha alivyokuwa anaingia na ndoo kichwani bila kumwaga maji. Familia nyingine mbili zilikuwa zimeshajisogeza kusikiliza.

Mdogo wangu akauliza, "Mama, wewe ulilala wapi?" Akaonyeshwa. Akaingia, akakaa humo muda, akatoka na swali jingine, safari hii kuhusu bibi.

Usiku tukiwa kwenye foleni ya barabara ya Kilwa akaniuliza nauli ya treni ya SGR hadi Dodoma kwa watu watatu. Nimeanza kupiga hesabu za bumu lijalo.