Idara Iliyojitengenezea Soko: Jiolojia ya Petroli ya Oklahoma na Wahitimu Wake

Jiolojia ya petroli, yaani elimu ya namna mafuta na gesi vinavyotengenezeka, kusafiri na kunaswa ndani ya miamba, haikuwa kazi ya mshahara mwanzoni mwa karne ya 20. Ilifanywa kuwa hivyo na vyuo vichache, na miongoni mwake Chuo Kikuu cha Oklahoma, kilichopo mji wa Norman nchini Marekani, kina nafasi ya pekee, kwa kuwa idara yake ya jiolojia ilianzishwa na Charles Newton Gould mwaka 1900, kabla eneo hilo halijawa jimbo na kabla kampuni nyingi za mafuta hazijaona haja ya kuwa na mwanajiolojia. Wakati huo wachorongaji wengi walichagua mahali pa kisima kwa kufuata mafuta yaliyovuja juu ya ardhi, kwa kusogea karibu na kisima cha jirani aliyefanikiwa, au kwa ramli. Wahitimu wa kwanza wa Norman, kwa hiyo, walilazimika kuwauzia matajiri wa mafuta huduma ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba.

Nafasi ya kufanya hivyo ilitokana na serikali kabla ya kutokana na kampuni. Oklahoma ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1907, katiba yake iliagiza kuundwa kwa taasisi ya upimaji wa jiolojia, nayo ilipoanza kazi mwaka 1908 Gould aliteuliwa kuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Wanafunzi wakawa wanapanda milima ya Arbuckle, kusini mwa Norman, ambako miamba tabaka imeinuliwa na kukunjwa hata ikaonekana wazi juu ya ardhi, wakichora ramani ambazo jimbo lilizichapisha na kampuni zikazisoma. Mpango huo ulileta faida tatu kwa mkupuo: wanafunzi walipata uzoefu, umma ulipata taarifa, na wenye mitaji walianza kuona kwamba aliyejua tabia ya miamba aliwapunguzia gharama ya visima vikavu. Mwaka 1911 Gould mwenyewe aliacha ukurugenzi na kuwa mshauri binafsi, na tangu hapo mlango kati ya darasa, ofisi ya umma na kampuni haukufungwa tena.

Hoja iliyowashawishi wenye mitaji ilikuwa nadharia ya antiklaini, inayosema kwamba tabaka za miamba zikikunjwa kuelekea juu kama mgongo, mafuta na gesi, kwa kuwa ni vyepesi kuliko maji, hupanda na kukusanyika chini ya kilele cha mkunjo huo iwapo juu yake upo mwamba usiopitisha kitu. Kampuni ya Cities Service iliwatumia wanajiolojia kutafuta mikunjo ya namna hiyo katika jimbo jirani la Kansas, na mwaka 1915 kisima cha Stapleton namba 1, karibu na mji wa El Dorado, kilifungua eneo kubwa la mafuta. Baada ya tukio hilo na mengine ya aina yake, kampuni zilianza kuunda idara zake za jiolojia, na mahitaji ya wahitimu yakapanda kwa kasi.

Mhitimu aliyeipa idara hiyo sifa kubwa kuliko wote ni Everette Lee DeGolyer. Aliondoka Norman mwaka 1909 kabla ya kumaliza shahada, akaajiriwa nchini Mexico na kampuni ya Mwingereza Weetman Pearson, na mwishoni mwa mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 24, akapendekeza mahali pa kisima cha Potrero del Llano namba 4, kilichotoa zaidi ya mapipa 100,000 kwa siku. Alirudi chuoni na kuhitimu mwaka 1911. Baadaye aliongoza kampuni ya Amerada, akaanzisha pamoja na mwenzake ofisi ya ushauri ya DeGolyer and MacNaughton mwaka 1936, na mwishoni mwa mwaka 1943 serikali ya Marekani ikamtuma katika nchi za Ghuba, ambako alihitimisha kwamba kitovu cha uzalishaji wa mafuta duniani kilikuwa kinahama kutoka eneo la Ghuba ya Mexico na Karibi kuelekea Mashariki ya Kati na Ghuba ya Uajemi. Mwaka 1949 alianza kukikabidhi chuo chake vitabu adimu vya historia ya sayansi, ambavyo ndivyo msingi wa mkusanyiko unaotumiwa na wanahistoria hadi leo.

Mchango wa pili ulizaliwa pale jiolojia ilipokutana na fizikia. John Clarence Karcher, aliyehitimu Norman mwaka 1916, alikuwa amehusika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza katika utafiti wa kutambua mahali mizinga ya adui ilipo kwa kupima mawimbi ya sauti, na akaona kwamba mawimbi ya mlipuko mdogo yanaweza vilevile kurudishwa na tabaka za miamba na kupimwa juu ya ardhi. Mwaka 1921 yeye, pamoja na mwanafizikia William Haseman na wanajiolojia Irving Perrine na Daniel Ohern, watu waliowahi kufundisha Norman, walifanya majaribio ya mbinu hiyo ya mitetemo karibu na Oklahoma City na katika milima ya Arbuckle. Kampuni yao ndogo ilikwama bei ya mafuta iliposhuka, na mbinu hiyo ikalala hadi mwaka 1925, DeGolyer alipompa Karcher mtaji wa kuanzisha Geophysical Research Corporation. Mwaka 1930 Karcher na Eugene McDermott walianzisha Geophysical Service, kampuni ambayo mwaka 1951 ilibadilishwa kuwa Texas Instruments, mtengenezaji mashuhuri wa vifaa vya elektroniki. Aliyeiokoa mbinu hiyo, basi, alikuwa mhitimu wa chuo kilekile mwenye fedha na aliyelielewa wazo hilo.

Mafungamano hayo yalipewa sura rasmi mapema. Wanajiolojia wa eneo hilo walikutana Norman mwaka 1916, na mwaka uliofuata, mjini Tulsa, wakaanzisha chama ambacho mwaka 1918 kiliitwa American Association of Petroleum Geologists, na ambacho makao yake makuu yangali Tulsa. Kupitia jarida lake, mikutano yake na kanuni zake za maadili, chama hicho kiliigeuza kazi iliyokuwa ya mtu mmoja mmoja kuwa taaluma, na wakati huohuo kikawa soko la ajira, kwa kuwa aliyehitimu alikutana humo na waliomtangulia.

Soko hilo, hata hivyo, halikuwa wazi kwa wote. Sehemu kubwa ya ardhi iliyochorwa ramani ilikuwa ya mataifa ya wenyeji wa asili, na ingawa Waosage walifanikiwa kwa sheria ya mwaka 1906 kubaki na haki ya pamoja ya madini, mrabaha waliolipwa uliwafanya miaka ya 1920 kuwa windo la wizi na mauaji. Sheria za jimbo ziliwazuia watu weusi kusoma Norman mpaka kesi za Ada Lois Sipuel na George McLaurin, zilizoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1948 na 1950, na kabla ya hapo hata kulala mjini humo hawakuruhusiwa. Kwa wanawake weupe mlango ulikuwa nusu wazi: Dollie Radler Hall, aliyehitimu Norman mwanzoni mwa miaka ya 1920, alipanda hadi kuongoza utafutaji wa mafuta katika Amerada, lakini wenzake wengi waliishia maabara. Pale ajira inapopita kwa kujuana, aliyenyimwa darasa hunyimwa pia kazi, leseni na mtaji unaofuata.

Udhaifu wa pili ni bei. Kupanda kwa bei baada ya mwaka 1973 na 1979 kulijaza madarasa ya jiolojia kote Marekani, na benki zikakopesha wachorongaji bila tahadhari, mpaka Benki ya Penn Square ya Oklahoma City ilipoanguka Julai 1982. Bei iliposhuka kutoka karibu dola 30 kwa pipa mwishoni mwa mwaka 1985 hadi takriban dola 10 katikati ya mwaka 1986, kampuni zilipunguza watu na vijana wakaikimbia fani hiyo, na pengo la umri lililotokea lilionekana bei ilipopanda tena miaka ya 2000. Shahada huchukua miaka minne, ilhali bei huweza kubadilika ndani ya miezi minne, na hakuna idara iliyowahi kuifuta tofauti hiyo. Jina la idara yenyewe limefuata mkondo huo: kwa miaka kadhaa ilibeba jina la kampuni ya ConocoPhillips, na sasa inaitwa Shule ya Jiosayansi, jina linaloweka nafasi ya maji, madini na nishati nyinginezo.

Afrika Mashariki imeuonja mzunguko huohuo. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya jiosayansi ya petroli mwaka 2009, miaka mitatu baada ya mafuta ya Ziwa Albert kuthibitishwa, lakini uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, baada ya wahitimu wa awali kusubiri karibu muongo mmoja. Tanzania nako gesi ya kina kirefu cha bahari, iliyogunduliwa kuanzia mwaka 2010, ilivuta vijana katika masomo ya petroli ya Dar es Salaam na Dodoma, huku mradi wa kusindika gesi hiyo kuwa kimiminika ukiendelea kujadiliwa.

Historia ya Norman inaonyesha kwamba kufungua au kufunga kozi kwa kufuata bei ndiyo sera ghali kuliko zote. Kilichoiwezesha idara hiyo kuvuka miporomoko ni taasisi ya umma inayohifadhi sampuli za visima na kuziweka wazi kwa watafiti, walimu waliobaki bei ilipokuwa chini, na wahitimu waliorudisha fedha, vitabu na nafasi za kazi. Mambo hayo matatu hugharimu kidogo kuliko kisima kimoja kikavu cha baharini, na serikali inayoyajenga wakati wa ukame wa bei ndiyo itakayokuwa na wataalamu wake mezani pindi wawekezaji watakaporejea kujadili mikataba.